Hilux Linachemsha, Maji Yanaisha, Chini Hakuna Tone

Swali: "Shikamoo fundi. Miezi minne iliyopita nilinunua Hilux double cabin, injini 1KZ-TE, gia za mkono, kwa mtu hapa hapa Dar. Natumia kubebea saruji na nondo kutoka Buguruni kwenda Mbezi na Kibaha. Kwenye foleni ya Ubungo mshale unakaa katikati, shwari. Nikianza kupandisha kwenda Kimara na mzigo, unapanda, na nikiwasha AC ndiyo kabisa. Kila baada ya siku mbili naongeza maji karibu lita moja, lakini chini ya gari sioni hata tone. Asubuhi linatoa moshi mweupe kidogo halafu unaisha. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, haikusaidia. Wa pili anasema ninunue rejeta. Wa tatu anasema hedi imepasuka, niandae milioni moja na nusu. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwa leo usimsikilize hata mmoja, kwa sababu katika maelezo yako yote sijaona fundi aliyepima kitu. Wa pili anaweza kuwa sahihi, wa tatu naye pia, na inawezekana kabisa wakawa sahihi wote wawili, maana rejeta iliyoziba ndiyo inayoua hedi, ule mfuniko mzito wa juu ya injini unaofunika silinda. Lakini lita moja kila siku mbili ni maji mengi. Yana pahala yanakokwenda, na pahala hapo unaweza kupajua bila kufungua bolti hata moja ya hedi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya mwenyewe uani kwako, asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Kwanza kabisa, simamisha mizigo. Nalisema hili kwa uzito. 1KZ-TE ni injini nzuri na ina nguvu, ila bloku yake, yaani mwili wenye silinda, ni ya chuma na hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ikichemka vibaya hata mara moja, hedi inataka kutanuka huku bolti zimeikaza kwenye bloku. Ikipoa inabaki imepinda, au inapasuka katikati ya vali. Fundi yeyote wa Dar aliyewahi kushika Prado au Surf yenye injini hii anajua hedi zake zinavyoogopwa kwa nyufa. Kila safari unayopiga na saruji huku unatazama mshale unapanda, unaweza kuwa unaligeuza tatizo la hozi kuwa tatizo la hedi.

Na mshale wenyewe usiutegemee sana. Geji nyingi za Toyota zimetengenezwa zitulie katikati kwa kiwango kipana cha joto, dereva asihangaike na kila badiliko dogo. Maana yake ni kwamba ukiuona umeanza kusogea, injini imeshapata joto muda kidogo. Kuna jambo baya zaidi. Sensa ya joto inapima maji inayoyagusa. Maji yakishuka chini yake, inabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza hata kurudi chini wakati injini inaungua. Nimepokea magari ya namna hiyo, mwenyewe anaapa kwamba mshale haukufika juu, na hedi imepinda mpaka unaiona kwa macho. Kwa hiyo mshale ukishuka ghafla ukiwa mlimani na mzigo, usishukuru Mungu na kuendelea. Weka pembeni, zima, fungua boneti, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka uweze kushika hozi ya juu kwa kiganja bila kuungua. Maji yaliyobanwa humo yanaweza kuwa na joto la kupita nyuzi 100. Ukilegeza kifuniko yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini au ndani ya rejeta tupu yenye moto. Hedi nyingi zilizovumilia kuchemka zimepasuliwa na ndoo ya maji ya msamaria mwema.

Tuje kwa fundi wa kwanza na thamostati yako, ile vali inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hili linaniuma, kwa sababu limekuwa kama sunnah hapa mjini: gari likichemsha, kitu cha kwanza kutupwa ni thamostati, na maelezo ni kwamba "hii ni ya nchi za baridi". Si kweli. Thamostati inaiweka injini kwenye joto lililopangwa, iwe Dar au Makete. Bila hiyo, dizeli inafanya kazi ikiwa na ubaridi, inakula mafuta zaidi, inachafua oili na silinda zinalika mapema. Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Ukiishika thamostati ya injini kama yako utaona chini yake kuna kisahani cha pili. Injini ikipata joto, mlango wa juu unafunguka na kisahani hicho kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo ndani bila kupozwa. Kwenye barabara tambarare huoni kitu. Ukipanda Kimara na mifuko ya saruji, hapo ndipo unapoona. Yaani huyo fundi amekuongezea sababu ya kuchemka juu ya ile uliyokuwa nayo.

Rudisha thamostati kabla ya kipimo kingine chochote, vinginevyo hatutajua tunapima nini. Nunua nzuri, na uipime kabla ya kuifunga: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Nyuzi inazofungukia zimegongwa juu yake, mara nyingi 82 au karibu na hapo. Ikianza kufunguka karibu na namba yake na ikajifunga ikipoa, ni nzima. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu, ndipo hewa ipate pa kutokea.

Sasa asubuhi yenyewe. Gari limelala, hujaliwasha. Minya hozi ya juu ya rejeta. Injini iliyopoa usiku kucha haina sababu ya kuwa na presha, hozi inatakiwa iwe laini. Ukiikuta ngumu, kuna kitu kimesukumwa ndani ya maji ambacho hakipoi kikasinyaa kama mvuke, nacho ni gesi ya moto kutoka kwenye silinda. Ukiikuta imesinyaa, imebonyea kama chupa tupu ya maji uliyoifyonza, basi kifuniko chako cha rejeta hakirudishi maji.

Kifuniko hicho watu wanakidharau. Kina vali mbili. Ya kwanza inashikilia presha kwa kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9. Kiwango hicho kinafanya maji ambayo hapa kwetu usawa wa bahari yangechemka kwa nyuzi 100 yavumilie mpaka karibu 118. Springi ikichoka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye kichupa cha akiba, yanafurika, yanamwagika ukiwa mwendoni, na chini ya gari lililoegeshwa hutaona tone. Vali ya pili, ndogo, katikati, inafungua injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye kichupa. Ikiganda, kila siku rejeta inatoa na hairudishiwi. Dalili yake ni kichupa kimejaa lakini ukifungua rejeta unaikuta imepungua. Hujaniambia hayo maji unayaongezea wapi. Kama unaongeza kwenye rejeta huku kichupa kimejaa, anza kwa kununua kifuniko chenye namba ileile. Usiweke cha namba kubwa kwa kudhani kitasaidia. Kitazipa hozi na maungio presha visivyoiweza.

Ukishatazama kifuniko, vuta kijiti cha oili. Rangi ya chai ya maziwa ni habari mbaya. Utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake usikutishe, gari la safari fupi kwenye unyevu wa Dar linaweza kuupata. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: gari likiwa limelala, weka beseni chini ya sampu (tenki la oili chini ya injini), legeza bolti ya kumwagia oili taratibu, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Matone machache ya oili safi, unakaza, umemaliza.

Kisha fungua rejeta, jaza mpaka juu, na mtu mwingine awashe gari. Tazama shingo ya rejeta. Dakika ya kwanza mapovu machache ni hewa inayotafuta njia. Yakiendelea kuja, yanafuatana, na ukikanyaga mafuta kidogo yanaongezeka au maji yanarushwa nje wakati injini bado ya baridi, gesi inaingia. Fanya hili kabla injini haijapata joto. Ikishapata, funga.

Kuhusu moshi mweupe wa asubuhi, unuse. Moshi wa dizeli isiyoungua una harufu ya mafuta na unachoma macho, na mara nyingi sababu ni hita plagi, zile zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha, moja au mbili zimekufa. Moshi wa maji ni mvuke mzito, na kama ndani mna kulanti (dawa inayochanganywa na maji ya rejeta) una harufu tamutamu. Dar si Mbeya, asubuhi yetu haina baridi ya kufanya ekzosi nzima itoe mvuke wa unyevu kwa muda mrefu. Ila kuna alama moja nakuomba usiipuuze kabisa: siku ukiwasha na stata ikagoma kama imegonga ukuta, acha hapohapo. Usisukume gari, usilivute na lingine. Huenda maji yamejaa kwenye silinda, na maji hayabanwi. Ukilazimisha utapinda kondirodi, mkono unaoshika pistoni. Hita plagi zitolewe, injini izungushwe kwa stata, na kama ni maji yataruka juu kutoka kwenye tundu la silinda husika. Hapo utakuwa umeonyeshwa mpaka silinda yenye ugonjwa, bure.

Ukimaliza ya nyumbani, nenda kwa fundi mwenye pampu ya kupimia presha ya rejeta. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa kifuniko. Injini ya baridi, unajaza maji, unapampu mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, unasubiri dakika 15 au 20. Kama geji inashuka, maji yanatoka mahali, na sasa yanatoka yakiwa baridi. Hii ndiyo siri ya "chini hakuna tone". Uvujaji mdogo kwenye injini ya moto unakauka juu ya chuma kabla haujafika ardhini, au unaishia kwenye bati la kukinga injini kwa chini, au unapeperushwa ukiwa kwenye mwendo. Kinachobaki ni ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Utafute kwa tochi: kwenye kitundu kidogo chini ya pampu ya maji, kilichowekwa makusudi ili pampu ikianza kufa ijiseme, kwenye maungio ya plastiki na aluminiamu ya rejeta, kwenye vikombe vya chuma vinavyoziba matundu ubavuni mwa bloku, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani.

Halafu peleka tochi nyuma ya injini, kwenye hozi mbili za hita zinazoingia ndani ya kabini. Dar hatuwashi hita, kwa hiyo hakuna anayezikumbuka. Hozi hizo zinazeeka, mabano yanalegea, na uvujaji wake unashukia nyuma ya injini ambako mtu hatazami. Wakati mwingine rejeta ndogo ya hita yenyewe inatoboka, na maji yanaingia chini ya zulia upande wa abiria. Bandua zulia hapo, pakandamize kwa kiganja. Kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafutamafuta wenye harufu tamu ukiwasha feni ya ndani, umeshapata jibu. Huko nyuma mteja mmoja aliniletea pikapu iliyofunguliwa hedi mara mbili kwenye gereji nyingine, na kote huko maji yalikuwa yananywewa na godoro la chini ya zulia. Yule baba alikuwa ameuza kiwanja kulipia kazi ya hedi. Sijasahau uso wake nilipomwonyesha hozi.

Kama presha inashuka na nje ni pakavu kabisa, au kama hozi ilikuwa ngumu asubuhi, fanya kipimo cha gesi. Kuna kichupa chenye dawa ya buluu kinachokaa kwenye shingo ya rejeta na kunyonya hewa iliyo juu ya maji. Dawa ikigeuka kijani au njano, hewa hiyo ina gesi ya ekzosi. Dawa isiguswe na maji, vinginevyo inadanganya. Kwa dizeli, fanya injini ikiwa na joto na ikipewa kazi kidogo, na urudie, maana dizeli ikinguruma tupu hutoa gesi hiyo kidogo kuliko petroli. Jibu la "hapana" mara moja halitoshi. La "ndiyo" linatosha. Katika injini yako hewa inabanwa zaidi ya mara 20, kwa hiyo ufa mwembamba kama unywele unatosha kusukuma gesi kwenye maji, na gesi hiyo inayatoa maji nje kupitia kichupa. Ndiyo maana mtu mwenye hedi mbovu anaweza asione maji kwenye oili wala oili kwenye maji. Anaona tu maji yanapungua na gari linachemka mlimani, kama wewe.

Hapa niseme kosa langu. Zamani kidogo, nikiwa naamini macho kuliko vipimo, niliifungua hedi ya pikapu ya mteja kwa sababu rejeta ilikuwa imejaa uji wa kahawia, oili na maji vimechanganyika. Hedi ilikuwa nyoofu, gasketi iliyo kati yake na bloku nzima. Kilichotoboka kilikuwa kipozea oili, kile kinachokaa ubavuni mwa bloku na kuzungukwa na maji. Injini ikiwa inafanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inayohamia kwenye maji, na sampu inaweza kubaki safi. Nilimrudishia pesa ya kazi, lakini siku zake nne hazikurudi. Tangu hapo, nikiona oili kwenye maji bila gesi, natoa kwanza kipozea oili. Kwa gari la gia za otomatiki kuna njia nyingine tena: oili ya gia hupozwa ndani ya tenki la rejeta, na ukuta ukitoboka unapata maziwa ya waridi. Lako ni la gia za mkono, hilo tuliache.

Sasa rejeta, ambayo fundi wa pili anaitaka. Maelezo yako yanaelekea huko kwa sehemu. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likikimbia lina shida ya upepo: feni, klachi ya feni (kiungo kinachoishika feni injini ikipata joto), au lile bakuli la plastiki linalozunguka feni limevunjika na halikurudishwa baada ya ajali. Lako ni kinyume. Kwenye foleni liko shwari, mlimani na mzigo linashindwa. Hapo injini inatoa joto jingi na rejeta haiwezi kuliondoa lote, ama kwa sababu imeziba, ama kwa sababu maji hayapiti ya kutosha, ama gesi imechukua nafasi ya maji. AC inaongeza kazi ya injini, na pia inapuliza joto la kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele, moja kwa moja juu ya rejeta. Klachi ya feni itazame hata hivyo: injini ikiwa imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Ya baridi inaenda na ukinzani kidogo. Ikitoka tu kwenye joto kali inatakiwa iwe nzito zaidi. Ikizunguka huru kama pangaboi, au imetoa mafuta meusi katikati, imekufa. Asikuunganishie mtu feni kwa kuichomelea. Inakula nguvu, na siku ukipita kwenye maji ya mvua pale Jangwani inaweza kujipinda na kuichana rejeta.

Tazama kwanza nje. Fungua boneti na uangalie kati ya kondensa na rejeta. Gari la saruji na vumbi la barabara za mitaa lina udongo humo kama matofali. Oshea maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea yenye nguvu inalaza mapezi na kumaliza rejeta kabisa. Kwa ndani, injini ikiwa na joto la kazi, chukua kile kipimajoto cha kulenga kama bastola na upite juu ya uso wa rejeta. Joto linatakiwa lipungue pole kutoka tenki linalopokea maji ya moto kwenda linalotoa. Mistari au pembe zilizo baridi ghafla ni mirija iliyoziba.

Na kinachoiziba hapa Dar ni maji tunayotia. Maji ya visima vingi vya mji huu yana chumvi, unaijua kwenye chai. Chumvi hiyo inaila aluminiamu, inatengeneza magamba kwenye mirija, na kwenye hedi inakula kingo za matundu ya maji mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Miezi minne ya kuongeza lita moja kila siku mbili ni zaidi ya lita 50 za maji. Kama zilikuwa za kisima, madini ya lita hizo yamebaki ndani. Rejeta ya zamani ya shaba inaweza kufunguliwa tenki, ikasuguliwa mirija na kuchomelewa tena, mafundi wa rejeta wa Gerezani wanaifanya kazi hiyo vizuri. Ya aluminiamu na plastiki ikiziba, mimi hununua nyingine. Na zile dawa za unga za kuziba tundu usizitie hata ukipewa bure, zinaziba na mirija iliyobaki.

Ikithibitika ni hedi, usikatae kulipa, ila lipia kazi kamili. Hedi ipelekwe kwa watu wa mashine, ioshwe, ifungwe matundu na itiwe presha ikiwa ndani ya maji ya moto, kwa sababu nyufa nyingine hazifunguki zikiwa baridi. Wapime unyoofu wake, na wa bloku pia. Wakuambie wamepata kipimo gani, isiwe tu "tumeiskimu", yaani tumeisawazisha kwa mashine. Ufa wa kupenya usichomelewe kwenye injini hii kama unaweza kupata hedi nyingine. Nimeona chache zilizodumu. Gasketi za 1KZ zinatoka kwa unene tofauti kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, kwa hiyo fundi apime uchomozo huo kabla hujaenda Kariakoo kununua. Bolti zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu. Fundi akikuambia mkono wake ndio toki renchi, chukua gari lako. Na hedi mpya usiiwekee rejeta iliyoziba, itakufa kama ya kwanza.

Ukijaza upya, tumia kulanti. Wauzaji wa maji yenye rangi wapo, kwa hiyo mimina kidogo kwenye kikombe na uweke kwenye friza usiku mmoja: mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda kwa friza ya nyumbani, maji ya rangi yanageuka barafu. Kama ni ile ya kuchanganya, changanya na maji ya betri yale safi, uhakikishe si tindikali, maana chupa zake hufanana. Kulanti ni sumu na ina utamu. Iliyomwagika ioshwe mara moja, watoto, paka na mbwa wataionja. Egesha gari pua ikiwa juu kidogo, weka hita kwenye moto kabisa ili njia yake ifunguke, jaza polepole, washa, minya hozi ya juu mara kwa mara mpaka mapovu yaishe, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi tazama tena kiwango, kitakuwa kimeshuka kidogo hiyo mara ya kwanza.

Kwa dalili ulizonipa, kama ningewekewa gari lako mbele yangu, ningeanza na kifuniko, thamostati na pampu ya presha siku hiyohiyo, na ningetegemea sana kukuta rejeta imeziba ndani. Kuhusu hedi, ni hozi ya juu asubuhi na dawa ya buluu ndivyo vitakavyonijibu. Yule fundi wa tatu mwombe jambo moja tu: akuonyeshe gesi kwenye maji kabla hajashika spana. Akikuonyesha, mpe kazi. Nawe niandikie umeikuta hozi ikoje, na maji unaongezea kwenye rejeta au kwenye kichupa.